Mahakama Inapoagiza Mshtakiwa Apimwe Akili, Inatafuta Nini?

Kila inapotangazwa kwamba mahakama imesimamisha kesi ya jinai na kuagiza mshtakiwa akapimwe akili, maneno yanayofuata huwa yale yale: ameshapata pa kutokea, wakili wake mjanja, kesi imekwisha. Wengine huelewa kinyume chake, kwamba jaji amekwishamtangaza mtu huyo kuwa mwendawazimu. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao lina mzizi mmoja: wanadhani kipimo hicho kinachunguza kilichokuwa kichwani mwa mshtakiwa siku ya tukio. Sivyo. Kinauliza kama mtu huyu, katika hali aliyo nayo sasa, anaweza kushiriki katika kesi yake mwenyewe.

Tuyaweke maneno mahali pake kwanza. Mshtakiwa ni mtu aliyefikishwa mahakamani kwa kosa ambalo bado halijathibitishwa. Uwezo wa kukabili kesi ni hali ya kuelewa anashtakiwa kwa nini, kufuatilia yanayosemwa mahakamani na kushauriana na wakili wake kwa maana. Uchunguzi wa uwezo huo hufanywa kwa amri ya jaji au hakimu, na anayekabidhiwa kazi hiyo ni daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia, ambaye huiandikia mahakama ripoti. Utetezi wa wendawazimu ni jambo jingine kabisa: hiyo ni hoja inayotolewa ndani ya kesi, kwamba wakati wa kutenda mshtakiwa alikuwa mgonjwa wa akili kiasi cha kutojua anachofanya, au kutojua kwamba ni kosa. Kanuni zake zinazojulikana zaidi ziliwekwa Uingereza mwaka 1843, baada ya kesi ya Daniel M'Naghten, aliyempiga risasi na kumuua katibu wa Waziri Mkuu.

Tofauti ya mambo haya mawili inaonekana vizuri kwa mfano wa dereva aliyepinduka na gari usiku. Wachunguzi wana maswali mawili. Je, alikuwa amesinzia gari lilipoacha njia? Na je, leo akiwa kitandani hospitalini amezinduka kiasi cha kuweza kueleza kilichotokea? Huenda usiku ule alikuwa macho kabisa na leo hajitambui. Huenda alikuwa amesinzia na leo ana fahamu zake zote. Jibu la swali moja halitoi jibu la pili. Vivyo hivyo, mtu aliyetenda kosa akiwa na akili zake kamili anaweza kupatwa na kiharusi akiwa rumande na kushindwa kufuatilia kesi, na aliyetenda akiwa katika kilele cha ugonjwa anaweza kutibiwa, akapata nafuu, akasimama kizimbani akielewa kila neno, na hapo ndipo akautoa utetezi wake wa wendawazimu.

Kwa nini kesi isiendelee tu?

Swali hili ni la haki kabisa, hasa kwa familia ya aliyeumizwa, ambayo huona siku zinapita bila shahidi hata mmoja kusikilizwa. Jibu lake ni la zamani kuliko taaluma ya magonjwa ya akili. Katika Uingereza ya karne zilizopita, kesi haikuweza kuanza mpaka mshtakiwa atamke kwamba anakiri au anakana. Aliyekaa kimya aliwasumbua majaji: je, amenyamaza kwa ukaidi, au amenyimwa uwezo wa kusema? Aliyehesabiwa kuwa mkaidi aliweza kulazwa chini na kuwekewa uzito mkubwa kifuani hadi atamke au afe, na utaratibu huo ulifutwa mwaka 1772 tu. Kwa hiyo kutenganisha asiyetaka na asiyeweza kulikuwa suala la uhai na kifo.

Mwaka 1836 swali hilo lilifika kwa Jaji Alderson katika kesi ya mtu aliyeitwa Pritchard, ambaye hakuwa na wazimu wowote. Alikuwa kiziwi asiyeweza kusema. Jaji aliwaambia wazee wa baraza, yaani raia wanaoitwa kuamua ukweli wa kesi, waamue kama amenyamaza kwa ukaidi au la, kama anaweza kujibu mashtaka, na kama ana ufahamu wa kutosha kufuatilia mwenendo wa kesi na kujitetea ipasavyo. Kipimo hicho ndicho kilichoenea katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza. Inafaa kukumbuka kwamba kilizaliwa kwa ajili ya mtu asiyesikia, kwa sababu hilo linaonyesha wazi kwamba tangu mwanzo jambo lililotafutwa lilikuwa ushiriki.

Ushiriki wenyewe unahitajika kwa sababu kuna mambo ambayo mshtakiwa peke yake ndiye anayeyajua: alikuwa wapi saa ile, nani alimwona, ni shahidi gani ana kisasi naye, ni maelezo gani aliyatia saini bila kuyasoma. Wakili hawezi kuyatoa hayo kwingine. Mtu asiyeweza kumweleza wakili wake mambo hayo anaweza kufungwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na hakuna atakayejua. Ndiyo maana Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini humo, katika kesi ya Pate na Robinson ya mwaka 1966, ilisema kwamba jaji anayeona dalili za kutosha kutia shaka lazima aitishe uchunguzi hata kama hakuna aliyeomba. Kwa hiyo dhana kwamba kipimo hiki daima ni mbinu ya wakili wa utetezi si sahihi. Ombi linaweza kutoka kwa upande wa mashtaka au kwa jaji mwenyewe, na mara nyingine mshtakiwa ndiye anayelipinga kwa nguvu, akisisitiza kwamba yeye ni mzima na anataka kesi yake isikilizwe leo.

Kiwango kinachotakiwa

Kiwango kinachotajwa zaidi duniani kiliwekwa mwaka 1960 na Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Milton Dusky, mtu mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo) aliyeshtakiwa kwa utekaji nyara. Jaji wa kwanza alikuwa ameridhika kwamba Dusky anajua ni siku gani, yuko wapi, na anakumbuka kiasi fulani cha matukio. Mahakama Kuu ilisema hayo hayatoshi. Mshtakiwa lazima awe na uwezo, wakati huu, wa kushauriana na wakili wake kwa kiwango cha kuridhisha cha uelewa wenye mantiki, na aielewe kesi inayomkabili kwa ukweli wake na kwa mantiki pia.

Sehemu hiyo ya mantiki ndiyo inayowapita watu wengi, na nadhani ndiyo kiini cha jambo zima. Chukua mshtakiwa anayejibu kila swali bila kukosea. Anajua jaji ndiye anayeamua, anajua mwendesha mashtaka anataka afungwe, anajua adhabu ya kosa lake ni miaka mingapi. Kisha, akiulizwa kwa nini hazungumzi na wakili wake, anaeleza kwa utulivu kwamba wakili ametumwa na wale wale wanaomwekea sauti kichwani, na kwamba hukumu imekwishaandikwa na ndege wa dirishani wamemsomea. Maarifa anayo yote. Kinachokosekana ni uwezo wa kuyatumia maarifa hayo kwa ajili ya nafsi yake. Mtu anayemwona kizimbani, amevaa vizuri, anasimama akiitwa, anajibu jina lake, ataapa kwamba ni mzima.

Upande wa pili, kiwango hiki si cha juu kama wengi wanavyodhani. Hakidai mshtakiwa awe na afya kamili ya akili. Wapo watu wengi wenye magonjwa ya akili ya muda mrefu ambao kesi zao huendelea kama kawaida, kwa sababu kinachopimwa ni uwezo, na jina la ugonjwa haliamui lolote kwa peke yake. Hakidai elimu pia. Asiyejua wakili ni nani kwa sababu hajawahi kufika mahakamani anaweza kuelezwa, na akielewa baada ya kuelezwa, ana uwezo. Mshtakiwa anayekataa kuitambua mahakama kwa sababu za kisiasa hahesabiwi kuwa hana uwezo, wala yule anayefanya uamuzi wa kijinga kuhusu utetezi wake. Sheria humwachia kila mtu mzima haki ya kukosea katika mambo yake.

Kusahau nako kunaeleweka vibaya. Wengi huamini kwamba mshtakiwa akisema hakumbuki chochote kuhusu siku ya tukio, kesi haiwezi kuendelea. Mwaka 1959 Guenther Podola alishtakiwa jijini London kwa kumuua askari polisi kwa risasi, akadai kwamba kumbukumbu zake zote za wakati huo zimefutika. Wazee wa baraza hawakumwamini. Lakini Mahakama ya Rufaa ilikwenda mbali zaidi na kueleza kwamba hata kama usahaulifu huo ungekuwa wa kweli, mtu aliyesahau tukio bado anaweza kuelewa mashtaka, kusikiliza ushahidi na kumwelekeza wakili wake. Podola alinyongwa Novemba mwaka huo.

Ndani ya chumba cha uchunguzi

Kinachofanyika humo hakina maajabu. Hakuna mashine inayosoma akili wala kipimo cha damu kinachotoa jibu la ndiyo au hapana, ingawa daktari anaweza kuagiza picha za ubongo au vipimo vya mwili iwapo anashuku uvimbe, kifafa, maambukizi au madhara ya dawa za kulevya. Sehemu kubwa ni mazungumzo.

Kabla ya mazungumzo hayo, mtaalamu mwadilifu humweleza mshtakiwa jambo moja zito: mimi si daktari wako. Hakuja kumtibu, na atakayoyasikia yataandikwa katika ripoti itakayosomwa na mahakama. Umuhimu wa onyo hilo ulionekana katika kesi ya Estelle na Smith, iliyoamuliwa Marekani mwaka 1981. Daktari alitumwa na mahakama kupima uwezo wa mshtakiwa tu, na hakumwonya. Baadaye daktari huyo huyo aliitwa na upande wa mashtaka kueleza, kwa msingi wa mazungumzo yale, kwamba mshtakiwa ni mtu hatari, na hukumu ya kifo ikatolewa. Mahakama Kuu iliifuta adhabu hiyo, kwa kuwa mtu alikuwa amegeuzwa shahidi dhidi ya nafsi yake bila kujua, tena bila wakili wake kuarifiwa.

Baada ya onyo huja maswali. Unashtakiwa kwa nini? Unadhani kosa hilo lina uzito gani? Yule anayekaa upande wa pili kazi yake ni nini? Wakili wako yuko upande wa nani? Ukikiri kinafuata nini, na ukikana? Shahidi akisema uongo juu yako, utafanya nini? Swali hili la mwisho lina thamani kubwa, kwa sababu anayejibu kwamba atapiga kelele na anayejibu kwamba atamnong'oneza wakili wake wanaonyesha tofauti ambayo hakuna cheti cha hospitali kinachoweza kuionyesha. Asipojua jambo, mtaalamu humfundisha, huendelea na mengine, kisha hurudi baadaye kulipima tena. Anayelikumbuka na kulieleza kwa maneno yake mwenyewe anafundishika; anayerudia kama kasuku, au aliyelisahau kabisa baada ya nusu saa, anahitaji kuchunguzwa zaidi.

Mtaalamu hategemei mazungumzo pekee. Husoma jalada la kesi na kumbukumbu za hospitali, huzungumza na ndugu, huwauliza askari wa gereza mtu huyu analala vipi, anakula vipi, anazungumza na nani asipojua kwamba anatazamwa. Mshtakiwa asiyeijua lugha ya mahakama anahitaji mkalimani wakati wa uchunguzi kama anavyomhitaji kizimbani, na hapo makosa makubwa hutokea, kwa sababu mtu anayejibu kwa lugha ya kuazima huonekana mzito wa akili kumbe ni mzito wa lugha tu.

Ripoti ikikamilika hupelekwa mahakamani, lakini haifungi mikono ya jaji. Daktari anatoa maoni. Anayeamua ni mahakama. Pande zote mbili zinaweza kumhoji mtaalamu, kuleta wa kwao na kupinga matokeo. Nchini Uingereza sheria inataka ushahidi wa madaktari wasiopungua wawili kabla ya mtu kutangazwa kuwa hana uwezo.

Je, anaweza kujifanya?

Anaweza, na wapo waliojaribu. Kulikanusha hilo kungekuwa kuwadanganya wasomaji. Vincent Gigante, kiongozi wa kundi la kihalifu jijini New York, alikuwa akitembea mitaani amevaa joho la kulalia na ndara, akijisemea peke yake, na kwa miaka mingi alifanikiwa kuwasadikisha baadhi ya madaktari. Mwisho wake aliamuliwa kuwa na uwezo, akahukumiwa mwaka 1997, na mwaka 2003 akakiri mahakamani kwamba alikuwa akiigiza. Rudolf Hess, naibu wa Hitler katika uongozi wa chama chake, alifikishwa mwaka 1945 katika mahakama ya Nuremberg, Ujerumani, walikoshtakiwa viongozi wa utawala wa Hitler, akidai hakumbuki kitu. Alichunguzwa na madaktari wa mataifa manne. Tarehe 30 Novemba, wakili wake alipokuwa ameshaomba mteja wake asihukumiwe kwa hali hiyo, Hess alisimama mwenyewe na kutangaza kwamba alijifanya amesahau kwa sababu za kimbinu. Kesi iliendelea, akafungwa maisha.

Wataalamu wanazo njia za kumtambua mwigizaji. Anayeigiza wazimu kwa kawaida huigiza ule anaoufikiria, akitaja dalili zisizokutana katika ugonjwa mmoja au akizidisha kila kitu mbele ya daktari na kutulia akirudi selo. Upo pia mtihani rahisi wa kumbukumbu: mtu anaonyeshwa picha, baadaye analetewa picha mbili mbili na kuulizwa ni ipi aliyoiona. Anayebahatisha tu atapata karibu nusu. Anayepata pungufu sana ya nusu anajulikana kwamba jibu sahihi alikuwa nalo, ila amelikwepa kwa makusudi. Hata hivyo hakuna kipimo kisichokosea, na makosa hayaendi upande mmoja. Wapo wagonjwa halisi wanaojifanya wazima kwa aibu, nao hupita kirahisi zaidi kuliko mwigizaji, kwa sababu hakuna anayewashuku.

Akipatikana hana uwezo

Hapa ndipo imani ya kwamba mshtakiwa amepata pa kutokea inapoanguka. Kutokuwa na uwezo si kuachiliwa wala kutoonekana na hatia. Kesi inasimama, na mara nyingi mshtakiwa anapelekwa hospitali iliyo chini ya ulinzi ili atibiwe kwa dawa na kufundishwa mambo ya msingi ya mahakama. Hupimwa tena baada ya muda, na wengi hurejea kizimbani. Dusky mwenyewe alirudi, akashtakiwa upya na akatiwa hatiani.

Hatari kubwa ni kwa yule asiyeweza kupata nafuu. Theon Jackson alikuwa na umri wa miaka 27, kiziwi, asiyeweza kusema, mwenye ulemavu wa akili. Alishtakiwa katika jimbo la Indiana kwa matukio mawili ya unyang'anyi ambayo jumla yake ilikuwa mali ya dola 9. Madaktari walisema hakuna matumaini kwamba hali yake itabadilika, na mahakama ikaagiza azuiliwe hospitalini mpaka atakapopona, jambo ambalo maana yake ilikuwa kifungo cha maisha kwa mtu ambaye hakuwahi kuhukumiwa kwa lolote. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hilo haliwezekani: azuiliwe kwa muda wa kuridhisha wa kujua kama atapata uwezo, na ikionekana hataupata, ama ufuatwe utaratibu wa kiraia wa kumlaza mtu hospitalini unaotumika kwa wagonjwa wengine, ama aachiliwe.

Uingereza imechukua njia tofauti kidogo. Mshtakiwa akiamuliwa kuwa hana uwezo, wazee wa baraza husikiliza ushahidi na kuamua jambo moja tu, kama alikitenda kitendo anachodaiwa kukitenda. Wakiona hakukitenda, anaachiliwa huru. Wakiona alikitenda, hatiwi hatiani, bali jaji anaweza kumpeleka hospitali, kumweka chini ya uangalizi au kumwachilia bila masharti. Naona huo ni utaratibu wenye utu zaidi, kwa sababu asiye na hatia hapotei ndani ya hospitali na aliyeumizwa hupata jibu.

Lakini si kila mahakama inaruhusiwa kufanya hivyo, na kesi ya Félicien Kabuga inalionyesha hilo kwa uchungu. Alikamatwa karibu na Paris mwaka 2020 baada ya kutafutwa kwa zaidi ya miaka 20 kuhusiana na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, na kesi yake ikaanza kusikilizwa Septemba 2022 katika mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoko The Hague, Uholanzi. Juni 2023 majaji waliamua kwamba hana tena uwezo wa kukabili kesi kutokana na maradhi ya kupoteza kumbukumbu na ufahamu, wakapendekeza utaratibu mbadala wa kusikiliza ushahidi bila uwezekano wa kumtia hatiani. Majaji wa rufaa wa mahakama hiyo wakasema Agosti mwaka huo kwamba sheria yake haitoi nafasi ya utaratibu kama huo, na Septemba kesi ikasimamishwa kwa muda usiojulikana. Manusura waliosubiri karibu miaka 30 hawakupata hukumu ya hatia wala ya kutokuwa na hatia. Siwezi kuwaambia wasihuzunike. Ninachoweza kusema ni kwamba kumhukumu mzee asiyeelewa anachoambiwa kusingewapa hukumu ya kweli pia.

Kesi za watu maarufu kama hizo ndizo zinazosikika, na ndizo zinazoujenga mtazamo wa umma. Zisizosikika ni za mtu aliyeshikwa kwa kuvunja dirisha au kuingia mahali asiporuhusiwa, anayezungumza peke yake selo, ambaye amri ya uchunguzi imetolewa lakini hakuna daktari, au ripoti imetoka lakini hakuna kitanda hospitalini. Anakaa rumande bila dawa, hali ikizidi kuwa mbaya, wakati mwingine kwa muda mrefu kuliko adhabu ya kosa lenyewe. Katika jimbo la Washington nchini Marekani jambo hilo lilifikishwa mahakamani, na mwaka 2015 jaji wa shirikisho aliamuru watu kama hao wahudumiwe ndani ya siku 7. Serikali ya jimbo ilishindwa kutimiza, na mwaka 2023 jaji huyo huyo aliiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 100.

Kwa hiyo anayesoma kwamba mshtakiwa fulani ameagizwa kupimwa ana mambo ya kuuliza yenye uzito kuliko kama anatoroka. Ripoti inatakiwa kurudi mahakamani tarehe gani? Kwa sasa anazuiliwa gerezani au hospitalini, na anapewa matibabu? Tarehe ikifika bila ripoti, nani anatakiwa kueleza kwa nini?